Kuku wa Tusekile Juu ya Sanduku la Kakao

Mzee Anyisile wa Mwaya hakuwa na mke tena. Hakuwa na mtu wa kumwuliza asubuhi kama ameamka salama. Hakuwa na sufuria yenye mfuniko wake. Hakuwa na banda la kuku, wala jogoo. Na zaidi ya yote hakuwa na Dainess, binti yake wa pekee, aliyekuwa akisoma shule ya bweni Njombe.

Alichokuwa nacho ni mtetea mmoja mwekundu, kishingo, asiye na manyoya shingoni.

Mtetea huyo alikuwa wa marehemu mkewe, Tusekile. Enzi za Tusekile, ua ulijaa kuku. Asubuhi redio haikusikika kwa kelele zao. Baada ya msiba, ugonjwa wa kideri ulipita kijijini ukawamaliza wote. Akabaki huyu mmoja.

Dainess alipokuja likizo ya Desemba, alikaa siku chache tu. Kisha akafunga begi ili aende kwa shangazi yake Tukuyu.

"Mbona mapema hivyo, mwanangu?" Anyisile aliuliza.

"Baba, hapa kumekuwa kimya mno. Nikiamka nasubiri kusikia kuku wa mama. Sisikii kitu."

Anyisile alimbebea begi mpaka barabarani. Gari lilipoondoka, alibaki amesimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Tangu siku hiyo alitamani jambo moja tu: kelele zirudi uani, na binti arudi nyumbani.

Mvua za Februari zilipozidi, yule mtetea alikuwa ametaga mayai ya kutosha. Jogoo alikuwa wa jirani, Mama Marta. Siku moja mtetea akakaa juu ya mayai yake jikoni, hataki kutoka. Ukimsogelea, anatutumua manyoya na kulia kwa hasira.

"Anaatamia!" Anyisile alisema peke yake, akacheka kwa furaha.

Lakini sakafu ya jiko ilikuwa imelowa. Maji ya mvua yalipenya kila mahali. Anyisile akatazama huku na huku. Kwenye kona palikuwa na sanduku la mbao la kuvundikia kakao. Kila mkulima wa huku anajua: punje mbichi za kakao zikifunikwa kwa majani ya mgomba, hupata joto zenyewe. Ukiingiza mkono katikati, unautoa haraka.

"Kuku anatafuta joto," alijiambia. "Na joto hili hapa."

Akaweka kiota juu ya sanduku, akampandisha mtetea na mayai yake. Kila alipovuna kakao, alijaza sanduku upya.

Mama Marta alipita kuomba moto, akaona.

"Baba Dainess, unatotolesha mayai au unayachemsha?"

"Nenda kaanike dagaa wako wa usipa, mama. Mambo ya kuku niachie mimi."

"Haya, mpishi! Yakiiva niite, nije na chumvi."

Mtetea hakutulia. Alifungua mdomo, akahema. Mara kwa mara aliruka chini. Anyisile alidhani ni mkaidi. Akachukua tenga akamfunika, ili asiondoke. Jioni alimrushia mpunga kidogo kupitia matundu.

Wiki tatu zikapita. Hakuna kifaranga. Wiki ya nne jiko likaanza kunuka. Anyisile akavunja yai moja. Lilikuwa viza. Akavunja la pili, nalo viza. Akaketi kwenye kigoda.

Safari hii Mama Marta alipopita hakutania.

"Bibi mifugo yuko kwangu, anachanja kuku," alisema taratibu. "Nimwite?"

"Mwite, mama."

Bibi mifugo wa kata aliitwa Eufrasia. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba. Aliingia na mabuti yake yenye tope.

"Mugonile, baba," alisalimia.

Mama Marta akaangua kicheko. "Msikilizeni! Kinyakyusa cha Bukoba!"

"Ndaga, asante mwanangu," Anyisile alijibu. "Wewe usimsikilize huyu. Karibu."

Eufrasia aliweka kiganja juu ya sanduku. Akakiondoa.

"Baba, kuku alikuwa anahema?"

"Alikuwa anahema. Anataka kushuka. Nikamfunika kwa tenga."

"Alikuwa anakuambia, baba. Joto la tumbo lake linatosha. Likiongezwa na la kakao, kifaranga hufia ndani ya yai. Kuku mwenyewe naye huteseka."

Anyisile aliinama. "Huyu ni kuku wa mke wangu. Ndiye pekee aliyebaki. Nilitaka mtoto wangu akija akute vifaranga."

Eufrasia akasema, "Mama yangu huatamiza kuku kwenye kapu, chumbani kwake. Usiku unasikia wanavyogeuza mayai. Huu mwaka wa tatu sijasikia sauti ile."

"Kumbe na wewe," Anyisile alisema.

"Na mimi, baba. Lakini kuku wako mzima. Mlishe vizuri, apumzike. Atataga tena. Kila akitaga, okota yai, mwachie moja kiotani. Yaweke mahali pa baridi, ncha ikiwa chini. Usiyaoshe. Usichukue ya zamani wala yenye ufa. Akianza kuatamia, mpe yote kwa pamoja, ili yatotolewe pamoja. Kwa mwili wake, kumi yanatosha."

"Na kiota?"

"Kapu, chini kuna pumba kavu za mpunga, juu majani makavu ya mgomba. Nyunyiza majivu kidogo chini ya pumba, utitiri wasimle. Liinue juu ya matofali, mbali na moto, mbali na kakao. Maji na chakula viwe karibu. Na tenga usimfunike mchana kutwa. Kila siku lazima atoke: ale, anywe, ajisaidie, ajipake vumbi."

"Akitoka asirudi je?"

"Atarudi mwenyewe."

Anyisile alifanya yote aliyoambiwa. Mwezi Aprili mtetea akaatamia tena. Asubuhi ya kwanza aliposhuka kapuni, Anyisile alisimama mlangoni, roho juu. Mtetea alikunywa maji. Alikula. Akaenda chini ya upenu penye udongo mkavu, akajigaragaza. Akaendelea kujigaragaza. Mayai yalikuwa peke yake. Anyisile alinyoosha mikono amkamate, akairudisha.

"Baba Dainess!" Mama Marta aliita kutoka ng'ambo ya uzio. "Siku hizi umekuwa mlinzi wa kuku?"

"Nyamaza, mama, utamshtua!"

Mtetea alijikung'uta. Akatembea pole pole, akapita kando ya miguu ya Anyisile, akaingia kapuni. Akageuza mayai kwa mdomo, moja moja, akalala juu yake. Anyisile akashusha pumzi.

Baada ya wiki moja Eufrasia alirudi. Walifunga dirisha, wakamulika mayai kwa tochi. Moja lilikuwa jeupe ndani, halina kitu. Wakalitoa. Mengine yalionyesha mishipa myembamba ya damu.

"Anaishi," Anyisile alinong'ona, kama mtu aliye kanisani. "Wote hawa wanaishi."

Siku ya kutotoa ilipofika, aliona kifaranga akihangaika kutoka kwenye ganda. Alitaka kumsaidia. Akakumbuka Eufrasia alimwonya: ukibandua ganda, unaweza kumwua. Akaweka mikono mfukoni akasubiri. Kufikia kesho yake vifaranga wanane walikuwa chini ya mbawa za mama yao. Aliwapa chenga za mchele, na maji kwenye kisahani chenye vijiwe wasizame. Eufrasia akaja na dawa ya kideri, akawadondoshea kila mmoja jichoni.

"Ndaga fijo, mwanangu," Anyisile alimshukuru. "Likizo ikifika, nenda Bukoba ukamwone mama yako."

Eufrasia alitabasamu, akafunga chupa yake ya dawa.

Mwisho wa Mei likizo ya shule ilikaribia. Shuleni kwa Dainess simu haziruhusiwi. Anyisile akakaa mezani na kalamu. Aliandika: "Lazima uje." Akasoma. Akatazama uani, mtetea akiparua na vifaranga wakimfuata mbio. Akachana karatasi ile, akachukua nyingine. Aliandika polepole, kwa mkono wake mwenyewe:

"Dainess mwanangu, kuku wa mama yako ametotoa wanane. Asubuhi redio haisikiki. Nimepaka chumba chako chokaa. Ukitaka kupitia kwa shangazi, pitia. Mimi nipo. Baba yako, Anyisile."

Kesho yake akaenda Kyela mjini, posta. Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaibana kwa kiganja kwa muda mrefu. Akampa karani. Akabaki dirishani mpaka alipoona muhuri unagongwa juu ya jina la mtoto wake, na barua ikiingia kwenye mfuko.