Kompyuta Iliyonunuliwa kwa Nyongeza

Alfajiri ya El Alto, mji wetu wa juu milimani, ina baridi inayouma masikio. Saa hiyo Doña Saturnina Callisaya huwa ameshafika kwenye kona ya barabara yetu na masufuria yake mawili. Moja lina uji wa mahindi ya zambarau, jingine lina mafuta ya kukaangia pasteli, maandazi yenye jibini ndani. Mimi nauza mkate kando yake. Binti yake, Nayra, nilimsimamia ubatizo. Kwa hiyo mambo ya nyumba ile nayajua, na nisiyoyajua nayauliza.

Nayra ana miaka kumi na saba. Ni msichana asiye na maneno. Ukimsalimu anajibu, ukimuuliza anatikisa kichwa. Asubuhi humsaidia mama yake, mchana yuko shule, jioni yuko kwa Don Froilán Apaza, mwenye chumba cha kompyuta za kukodi. Huko anacheza mchezo wa vikosi, watu watano dhidi ya watano. Wenzake wanne wako miji ya mbali, Tarija huko na Sucre, nao huongea kwa vipokea sauti vya masikioni.

Sisi wakubwa tuliona ni utoto tu. Kisha siku moja Don Froilán alikuja kunywa uji, akasema, "Doña Saturnina, mwenzio nafunga chumba. Nahamia Cochabamba kwa binti yangu. Kompyuta zote zimeshapata mnunuzi."

Nayra alikuwa ameshika pasteli. Ikamponyoka, ikaanguka kwenye vumbi.

"Mama," alisema, "Jumamosi ijayo tuna mechi ya majaribio. Tukishinda tunaingia mashindano ya nchi nzima. Kocha amesema asiyekuwa na kompyuta siku hiyo, nafasi yake anapewa mchezaji wa akiba. Nimengoja nafasi hii miaka miwili."

Mama yake alibaki na upawa hewani. Hakuwahi kusikia maneno mengi namna ile yakitoka kinywani mwa mtoto wake kwa mara moja. Hata mimi nilishtuka.

Jioni mumewe, Hilarión, ambaye ni fundi wa lipu, alikuna kichwa. "Kuna ile pesa ya paa la jiko," alisema. "Paa lingoje. Lakini tukinunua, tununue mara moja tu. Hakuna pesa nyingine nyuma yake."

Jumapili tukaenda sokoni wote wanne. Don Froilán alikuwa na shughuli ya kufunga mizigo, na Saturnina hakuona haja ya kumsumbua. "Nimenunua vitu soko hili tangu niko mgongoni mwa mama," alisema. "Kompyuta itanishinda nini?"

Muuzaji aliitwa Wilber. Mezani pake palikuwa na kompyuta nyembamba, nyekundu, yenye picha ya joka mgongoni. Alibonyeza kitu, na vitufe vyote vikawaka rangi za kila namna.

"Inacheza michezo?" aliuliza Hilarión.

"Inacheza, mzee wangu. Taa hizo huzioni?"

Nayra alisogea. "Naomba niangalie ndani ina nini."

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema mama yake. "Naongea bei."

Na kweli aliongea bei. Aliondoka, akaitwa, akarudi. Akaondoka tena, akaitwa tena. Bei iliposhuka, akaweka mikono kiunoni. "Haya, kaka, na nyongeza yangu?"

Kwetu muuzaji asiyetoa nyongeza hafai. Muuza viazi akikuongeza viazi vitatu, unajua gunia lake halina vilivyooza. Saturnina ameishi kwa kipimo hicho na hakijamdanganya. Wilber akaongeza kipanya. Akaongeza mkoba. Saturnina akamtazama tu. Akaongeza kipokea sauti cha masikioni na kitambaa cha kufutia kioo.

"Huyu ni mtu mwema," Saturnina alininong'oneza. "Nyongeza nne! Kitu chake hakiwezi kuwa kibaya."

Tulirudi nyumbani kwa furaha. Kitu kipya kwetu hakitumiki kabla ya kunyunyiziwa. Hilarión alitupia karatasi za rangi, akadondosha pombe kidogo kwenye pembe nne za chumba, kwa ajili ya Mama Ardhi. Aliposogea kwenye kompyuta na chupa, nilimshika mkono. "Hiyo usiinyweshe, shemeji. Yenyewe hainywi."

Nayra akaiweka kitandani, juu ya blanketi, akaiwasha, akaiunganisha na intaneti ya simu ya baba yake, akapakia mchezo. Tulikaa kumzunguka. Tulisubiri mpaka chai ikapoa vikombeni. Mchezo ulipofunguka, picha zilikwenda kwa kurukaruka. Askari wake alisimama kama kigingi huku maadui wakimpiga. Feni ikaanza kulia. Hilarión aligusa chini ya kompyuta, akatoa mkono haraka. Mara kioo kikawa cheusi.

Nayra hakulia. Aliendelea kutazama kile kioo cheusi, na hilo lilituumiza kuliko kilio.

"Labda imechoka na safari," alisema Hilarión.

"Mwite Don Froilán," nikamwambia.

Don Froilán alikuja na vumbi la maboksi mikononi. Aliihamishia kompyuta kwenye ubao, akaingoja ipoe, akaiwasha. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Ukafunguka ukurasa wenye michoro.

"Hapa mashine inajieleza yenyewe," alisema. "Joka la mgongoni laweza kusema uongo. Ukurasa huu ni vigumu kudanganya." Akasoma kimya, kisha akauliza, "Nani aliichagua?"

"Mimi," alisema Saturnina. "Na nimeongezewa vitu vinne."

"Hii ni kompyuta ya ofisi, mama. Ya kuandikia barua. Haina kadi yake ya picha."

"Kadi ya picha ndiyo nini?"

"Ni sehemu inayochora mchezo. Wewe asubuhi unakoroga uji na Nayra anakaanga. Siku Nayra hayupo, unafanya yote mawili, na foleni inafika kwa muuza kuku. Hii kompyuta haina Nayra. Prosesa, ubongo wa mashine, inafanya hesabu zake, halafu yenyewe tena ndiyo inachora kila jani na kila askari."

Saturnina alikaa chini polepole.

"Basi tutaongeza hiyo kadi," alisema Hilarión.

"Kwenye kompyuta za mkononi karibu zote haiongezeki. Ndiyo maana unaiangalia kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bei. Kumbukumbu ya kazi, RAM, hiyo mara nyingi unaweza kuongeza baadaye. Hii ina giga nne tu. Kwa michezo, anza na nane, na nafasi ya kufikisha kumi na sita."

Kisha akatuambia jambo linalonishangaza mpaka leo. Alisema diski ya ile kompyuta ilikuwa ya kuzunguka, na kichwa cha kuisomea huelea juu yake kwa nguvu ya hewa. "Hapa tuko juu mno. Hewa ni nyepesi. Kile kichwa kinashuka, siku moja kinakwaruza diski, na kila ulichohifadhi kinakwisha. Nyingi kati ya diski hizo hazikutengenezewa miji kama huu wetu. Sisi wa huku tutafute diski isiyozunguka, SSD. Nayo inafungua mchezo haraka."

"Na ule moto?" niliuliza. "Huku kwetu maji yanaganda ndani ya ndoo."

"Hewa hiyo hiyo, Doña Leandra. Mgeni akipanda huku anahema, sivyo? Na feni ndivyo. Inazunguka sana, lakini hewa inayopita ni kidogo, haiwezi kubeba joto lote. Kompyuta nyembamba inapata taabu zaidi. Chukua nene, yenye matundu makubwa. Halafu nyinyi mmeilaza juu ya blanketi, matundu yote yamezibwa."

"Niliogopa itashikwa na baridi," alisema Hilarión. Hakuna aliyecheka.

Don Froilán akamgeukia Nayra. "Unacheza mchezo ule ule tu?"

"Ule ule."

"Basi una bahati. Ule si mzito. Watu wanamaliza pesa kununua mashine ya kuchezea kila mchezo duniani. Tafuta inayotosha mchezo wako na kidogo zaidi. Nani anakodi lori kubeba mkate? Ya mezani ingekuwa nafuu zaidi, lakini hapa meza hamna, na najua unataka kwenda nayo shule."

Soko letu lina siku mbili, Alhamisi na Jumapili. Alhamisi Saturnina hakupika uji. Alivaa kofia yake nzuri, akafunga shali kama mtu anayekwenda kupigana. Alimkuta Wilber anapanga meza. Alimwaga kila neno alilokuwa nalo, na alikuwa nayo mengi. Mwizi, mlaghai, mla paa la jiko la watu. Watu walikusanyika.

Wilber alingoja amalize. "Mama yangu," alisema, "bei uliniuliza mara ngapi? Nyongeza uliniuliza mara ngapi? Na ndani ina nini, uliniuliza?"

"Mume wangu alikuuliza kama inacheza michezo!"

"Inacheza. Ina karata, ina drafti. Michezo gani, hakusema. Binti yako alitaka kuangalia, ningemfungulia. Wewe ndiye uliyemnyamazisha."

Uso wa Saturnina ulibadilika rangi. Akamtazama binti yake, na Nayra akatazama chini.

"Joka lako nalo lilisaidia kumdanganya," alisema Don Froilán, ambaye tulikuja naye. "Tuache ugomvi. Una yoyote yenye kadi yake ya picha? Tubadilishane."

Wilber alivuta kitu chini ya meza. Kilikuwa cheusi, kinene, kimekwaruzwa mgongoni, bila taa hata moja.

"Hicho?" alisema Hilarión. "Hicho si cha kuchezea, hicho ni tofali."

"Nayra," alisema Saturnina, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Angalia ndani, mwanangu. Chukua muda wako."

Nayra akabonyeza vitufe vitatu. Alisoma jina la kadi ya picha na namba yake yote. Alisoma kumbukumbu: giga nane, na nafasi moja tupu ya kuongeza. Diski, SSD. "Inatosha," alisema.

"Bado," alisema Don Froilán. "Imetumika, kwa hiyo lazima ifanye kazi mbele ya macho yetu."

Tukaenda kwa mama muuza supu mwenye soketi. Nayra alikuwa ameubeba mchezo kwenye diski ndogo ya mfukoni kutoka chumba cha Don Froilán. Alicheza tukinywa supu, bakuli la kwanza na la pili. Don Froilán alipitisha kiganja kwenye matundu. Hewa moto ilitoka kwa nguvu, picha hazikuruka, na mashine haikuzimika. Alijaribu kila kitufe. Aliangalia kama chaja ni yake hasa, maana chaja dhaifu huifanya mashine nzuri iwe goigoi. Mwisho alimtaka Wilber aandike dhamana ya miezi mitatu, jina lake na namba ya meza yake.

"Naandika," alisema Wilber. "Pesa inalingana. Lakini hii haina nyongeza. Vile vinne nirudishie."

Hapo Saturnina alizinduka. "Vitatu. Cha masikioni mtoto atakitumia." Wilber alitikisa kichwa, akakubali.

Jumamosi ilifika. Hilarión alikuwa ametengeneza kimeza cha mbao, chenye mianya ya kupitisha hewa chini. Blanketi lilikuwa mabegani mwa Nayra, mahali pake. Tulikaa nyuma yake bila kukohoa. Saturnina alikaa mbele yetu sote. Hakuelewa mchezo. Alikuwa anatazama mashine tu, akiomba isizimike.

Mechi ikaanza. Na Nayra akafungua mdomo.

"Wawili kushoto. Wewe wa Sucre, usikimbie. Nimesema usikimbie. Ngojeni. Ngojeni. Sasa."

Sauti hiyo hatukuijua. Ilikuwa tulivu na haikuomba. Kutoka kwenye kipokea sauti tulisikia wanaume wazima wakijibu, "Sawa, nahodha. Tumefika, nahodha."

Hilarión alinitazama, nikamtazama. Nahodha? Mtoto asiyeweza kuomba chumvi wakati wa kula?

Nusu saa nzima mashine ilivuma, picha zikaenda laini kama maji. Nayra aliwasogeza watu wake huku na huku, akamkaripia mmoja, akamsifu mwingine. Kisha kioo kikajaa mwanga na wale wanne wakapiga kelele za ushindi masikioni mwake. Yeye alisema tu, "Vizuri. Tunaingia mashindano. Kesho mazoezi, msichelewe."

Alipogeuka alituona. Mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanapita juu ya vidole.

"Mama, vipi? Tumeshinda."

"Nimesikia," alisema Saturnina. "Unaongea hivyo siku zote?"

"Huko ndiyo."

"Miaka miwili?"

Nayra akatikisa kichwa kukubali.

Saturnina alivuta kiti chake karibu na kile kimeza. "Na mimi Jumapili ile nikakwambia unyamaze," alisema. "Haya, nahodha. Nieleze huu mchezo toka mwanzo. Leo mimi ndiye wa kunyamaza."