Ng'ombe Ananenepa, Mwokaji Anakonda

Kabla majogoo hawajawika, Muqaddas alikuwa amekwisha kanda unga. Mumewe Ergash aliwasha tanuri kwa mabua ya pamba. Kulipopambazuka, mikate mia moja na ishirini ilikuwa mezani nje ya lango lao, ya duara, imepigwa muhuri katikati na kunyunyiziwa ufuta. Kuoka kukaishia hapo. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja wateja.

Wateja wenyewe walikuja mmoja mmoja. Ikifika jioni, mikate arobaini ilikuwa bado mezani, imekauka. Mjini Margilan nani anunue mkate mgumu? Na kuutupa haiwezekani. Mkate hautupwi, hata kipande kikianguka chini huokotwa. Basi Muqaddas aliutia kwenye magunia, akayapandisha darini. Huko juu hakuna aliyeyaona, na yeye mwenyewe hakupenda kuyatazama.

Kila Alhamisi jirani yao, bi Hosiyat, alikuja kuchukua gunia moja la kumlisha ng'ombe wake. Zamani mama huyu alisimamia kantini ya kiwanda cha hariri, na ulimi wake ulikuwa haujastaafu. Alhamisi hiyo alimkuta Muqaddas macho mekundu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Baba Nigora anaondoka. Mwisho wa mwezi anakwenda Urusi na wenzake kubeba matofali. Anasema tanuri halitulishi tena. Nigora ana miaka miwili tu, bi Hosiyat! Atamsahau baba yake."

Bi Hosiyat akatua gunia chini.

"Ng'ombe wangu ananenepa, mumeo anakonda. Kila wiki nashukuru, kumbe tunaila nyumba yenu! Wallahi naona aibu. Hebu mwite."

Ergash akaja, mikono imejaa unga.

"Mwanangu, kwa nini unaoka alfajiri?"

"Baba yangu alioka alfajiri miaka thelathini."

"Na alimuuzia nani?"

"Kina mama wa kiwandani. Walipita hapa wakienda zamu ya kwanza."

"Kiwanda kilifungwa lini?"

Ergash akahesabu kwa vidole. "Mwaka wa tisa huu."

"Basi miaka tisa unawaokea watu ambao hawapiti tena."

Muqaddas alishtuka. Kila siku alipita mbele ya lile lango la kiwanda lenye kufuli. Hata siku moja hakulihusisha na magunia yake.

"Sasa unataka nioke jioni?" Ergash akauliza kwa ukali. "Watu watanicheka!"

"Sijasema hivyo. Mimi sijui wateja wako wanataka nini. Na wewe hujui. Tujue kwanza." Akamgeukia Muqaddas. "Weka mabakuli matatu: la asubuhi, la adhuhuri na la alasiri. Kila anayenunua, tia kokwa moja la aprikoti. Bakuli la nne ni la wale wanaoondoka mikono mitupu. Hao waulize walitaka nini. Usione haya. Hao ndio walimu wako."

"Mwokaji mzima nicheze makokwa kama mtoto?"

"Cheza, baba. Au kacheze na matofali Urusi."

Ergash akaenda kuleta mabakuli.

Kwa siku saba Muqaddas alitia makokwa. Bakuli la asubuhi halikujaa hata nusu. La adhuhuri lilikuwa na machache. La alasiri lilikuwa na mengi, lakini la nne lilifurika! Na karibu wote walioondoka walisema jambo moja.

"Upo wa moto?" aliuliza mwalimu mmoja mzee. "Huu ni wa alfajiri, binti yangu. Chakula cha jioni kinataka mkate unaotoa mvuke." Akaenda zake mtaa wa pili.

Ergash alilitazama bakuli la nne kwa muda mrefu.

"Hawa wote walifika mlangoni kwetu," alisema polepole. Ilimuuma.

Bi Hosiyat akawaeleza. "Gawanyeni kazi. Asubuhi okeni mikate thelathini. Saa tisa alasiri washeni tena, mwoke sitini."

"Na kuni?" Ergash akauliza.

"Mlikuwa mnaoka mia na ishirini, sasa ni tisini. Unga utapungua. Na tanuri likifunikwa vizuri halipoi kabisa, kwa hiyo mabua hayatazidi sana. Jaribuni wiki mbili. Jioni mikate ikibaki, kesho punguzeni. Ikiisha mapema, ongezeni kidogo. Ila msiongeze kwa furaha, ongezeni kwa makokwa."

Siku ya kwanza waliharibu. Walikanda unga wote alfajiri, na hadi alasiri uliobaki ulikuwa umechacha. Ergash alitaka kuacha. Muqaddas akamwambia, "Kosa ni saa ya kukanda, si saa ya kuoka." Kesho yake alikanda unga wa pili adhuhuri. Saa kumi harufu ya mkate ilienea mtaani, na watu wakaanza kusimama langoni.

Baada ya wiki mbili, bi Hosiyat aliondoka na mikate mitatu tu kwenye gunia. "Haya, sasa itabidi ninunue majani," akasema, huku akicheka.

Lakini Ergash alikuwa amewapa wenzake neno lake. Siku ya safari ikafika. Begi likawekwa langoni, na gari lilikuwa lije saa kumi na mbili jioni. Kwao, msafiri humega mkate kidogo, na mkate huo hutundikwa ukutani hadi arudi.

"Niletee mkate," Ergash alisema.

"Umekwisha."

"Wote? Hukuniwekea hata mmoja?"

"Mteja aliutaka, nikampa." Muqaddas akainamisha kichwa. "Sikutaka uumege, baba Nigora. Sikutaka."

Ergash akaitazama meza. Palikuwa na ufuta tu. Wakati huohuo mwanamke mmoja akafika, mtoto mgongoni.

"Mkate upo?"

"Umekwisha, dada," Ergash akajibu. "Njoo kesho saa kumi, nitakuokea wa moto."

Mwanamke akashukuru, akaenda. Muqaddas alimtazama mumewe. Ergash naye alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alivua koti, akatoa simu, akawaambia wenzake waende bila yeye.