Kofia ya Kuchumia Chai

“Unangoja nini kuichuma hiyo ngozi? Chai usipoichuma, itachipuka?”

Ndivyo Yunia, jirani yao na mchuma chai mwenzake mama yake, alivyomuuliza Mokeira asubuhi moja mwaka wa 1974, walipokutana bombani kuteka maji. Mokeira, msichana wa darasa la sita, alikuwa ameinamia ndoo yake. Ngozi ya mashavu yake ilikuwa imekauka na kuinuka kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Uso ulimwasha tangu juzi.

Yunia alijua sababu. Yeye ndiye aliyempa ile sabuni ya kung'arisha uso, yenye picha ya mwanamke mweupe anayecheka, na Mokeira akamchotea maji majuma mawili kuilipia. “Mama yako akiuliza, sema ni jua,” alimwonya. Mama alipouliza, Mokeira akasema ni jua.

Katika nyumba zile za wafanyakazi, karibu na Litein, kila mtu alikula kutokana na chai, kwa hiyo maneno ya Yunia yalionekana kuwa na akili. Majani huchumwa leo, na baada ya siku chache mengine yako tayari. Mokeira akaenda nyuma ya nyumba, akashika ngozi ya shavu la kushoto, akaivuta.

Alipiga kelele hata kuku wakatawanyika. Damu ikamtiririka mpaka kwenye kola.

Mama yake, Nyamoita, mjane aliyechuma chai kwa miaka mingi, alikuwa tayari na kikapu mgongoni. Alikiweka chini. Siku hiyo hakwenda shambani; alimpeleka mtoto wake hospitali ya misheni kule Kaplong.

Muuguzi mmoja, Sista Celine, aliusafisha uso polepole. “Sikiliza, binti. Osha kwa maji safi ya vuguvugu, bila sabuni. Usisugue, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Paka vaselini kidogo tu. Ngozi ikining'inia, iache ianguke yenyewe. Na jua lisiione kabisa hii ngozi changa, la sivyo utabaki na madoa mpaka uwe bibi.”

“Na ile sabuni nyingine?” Mokeira aliropoka, kisha akauma ulimi.

“Chochote ulichokuwa ukipaka, tupa,” akasema Sista.

Mama alisikia. Aliendelea kukunja kitambaa chake.

Jumatatu Mokeira alikwenda shuleni na kofia pana ya mama yake, ile ya kuchumia chai. Wanafunzi walijipanga uwanjani, bendera ikapandishwa.

“Kofia chini!” akaamuru Mwalimu Ogari.

“Kiazi kimechemka, ganda linatoka!” Kiptanui akanong'ona, na mstari mzima ukacheka.

Mikono ya Mokeira haikupanda kuivua. “Samahani, mwalimu. Sivui.”

“Umesema nini?”

“Sivui, mwalimu. Bendera naiheshimu. Lakini jua likinichoma, atakayebaki na madoa ni mimi. Ukitaka kunichapa, nichape, kofia ikae.”

Mwalimu akasogea, akainama, akachungulia chini ya ile kofia. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nenda usimame barazani, kwenye kivuli. Na wewe Kiptanui, bwana viazi, leo utafuta ubao kutwa nzima.”

Majuma mawili yakapita. Kila asubuhi maji ya vuguvugu, kila asubuhi vaselini, na mkono ulipotaka kukwaruza Mokeira aliukalia. Ngozi ikaanguka yenyewe. Chini yake ilitoka nyingine laini, nyeusi kama aliyozaliwa nayo. Pale tu alipovuta palibaki alama ndogo.

Jumamosi alasiri Yunia aliingia na kikopo cha krimu mkononi, akakifungua. Hakumwona mama, aliyekuwa nyuma ya pazia akichambua maharagwe.

“Eh, ngozi mpya hiyo! Sasa paka hii, ndiyo ya kumalizia.”

“Sitaki, Mama Yunia.”

“Mtoto ana kiburi huyu!”

“Basi ninacho.” Mokeira akageukia pazia. “Mama, nilikudanganya. Halikuwa jua. Ilikuwa sabuni yake huyu.”

Nyamoita akatoka na ungo wake. “Nilijua tangu hospitalini, mwanangu. Nilikuwa nangoja uniambie wewe.” Kisha akasema, “Dada Yunia, wewe na mimi tumechuma pamoja. Mchai ukishakatwa mpaka kwenye matawi magumu, kesho yake tunauchuma?”

“Hapana,” Yunia akajibu.

“Yale matawi yaliyokatwa tunayafanya nini?”

Yunia akakigeuza kikopo mkononi. Nyamoita akajijibu mwenyewe.

“Tunaufunika nayo, jua lisiuchome, kisha tunauacha miezi mpaka uchipuke wenyewe. Mti wa kampuni tunautunza hivyo, halafu uso alioumba Mungu tunaubambua?” Akamshika Mokeira bega. “Mungu hakukosea alipokupa rangi yako. Ngozi iliyoumia inataka usafi, kivuli na subira. Na ungesema kweli siku ya kwanza, hiyo alama usingekuwa nayo.”

Yunia aligusa shavu lake mwenyewe, penye doa alilozoea kulifunika kwa poda. Aliitazama ile kofia iliyoning'inia kwenye msumari. Akafunga kikopo chake, akatoka.