Kabla Jiwe la Kwanza Halijaanguka

Jua lilikuwa linazama mjane alipojitwika boksi la kanda za video kichwani, akashika njia kumpelekea kinyozi. Hakukumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi. Kwa mfiwa siku zote ni moja.

Boksi lilikuwa la marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na picha za majitu, zile za zamani zisizo na rangi: maiti wanaofufuka, watu wanaoota manyoya, jitu jeupe linalotoka machimboni. Mumewe, fundi bomba, alizipenda picha hizo tangu akivaa kaptura za shule, yeye na kinyozi, rafiki yake wa chanda na pete. Walizeeka nazo. Kila Alhamisi, wateja wakishaondoka, walikaa kwenye viti viwili vya kunyolea, miguu juu, wakatazama.

"Wazee wazima wenye wajukuu," mjane alikuwa akiwatania, "mnatishwa na mtu aliyejipaka unga!"

"Shemeji, usimtukane huyo," kinyozi alijibu. "Huyo ni ndugu yetu."

Na kweli walilipenda jitu lile la machimboni kama ndugu, hata wakajiwekea mwiko. Mwisho wa picha, wanakijiji hulikimbiza mpaka shimoni, na kuanza kuliporomoshea mawe. Wao hawakutazama hapo. Jiwe la kwanza likiinuliwa tu, mmoja wao alibonyeza rimoti, picha ikasimama. Wakaagana.

Alhamisi ya mwisho fundi bomba alirudi nyumbani akilalamika kifua. Mkewe akamsugua kwa mafuta ya moto. Ijumaa hakuiona.

Tangu hapo mjane alimwomba Mungu jambo moja: amwone mumewe, hata ndotoni. Hakumwona. Kinyozi alikuja kila Jumapili kumfariji. Akala mezani pake.

"Sijamwota hata mara moja, shemeji," mjane alimwambia, machozi yakimtiririka.

Kinyozi alikuwa akiitazama sahani. "Subira, shemeji. Subira huvuta heri."

Sasa alifika dukani. Mlango wa bati ulikuwa umeshushwa nusu, na chini yake mwanga wa buluu ulikuwa ukichezacheza sakafuni. Alitua boksi. Akainua mkono abishe hodi.

Kicheko.

Kicheko kilichoanzia puani na kuishia kifuani, kama mtu anayekohoa. Mjane alilala na kicheko hicho kitanda kimoja maisha yake yote ya ndoa.

Aliinama, akapita chini ya bati.

Harufu ya poda na spiriti ilimpokea. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine: gundi ya mabomba, ile isiyotoka kwenye nguo hata ufue vipi. Na chini ya hiyo… udongo mbichi.

Viti viwili vilikuwa vimempa mgongo, vikitazama runinga. Kwenye kioo aliiona sura ya kinyozi. Kiti cha pili kilikuwa na shuka ya kunyolea, imefungwa shingoni kama mtu ameketi anasubiri zamu yake. Shuka ilikuwa ikipanda na kushuka. Ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea. Juu ya shingo, pale palipopaswa kuwa na uso, mwanga wa runinga ulipita moja kwa moja bila kugusa kitu.

"Usiwashe taa, shemeji," kinyozi alinong'ona bila kugeuka.

"Nani huyo?"

"Unamjua."

Mjane akashika ukuta. "Tangu lini?"

"Alhamisi ile ya kwanza baada ya mazishi. Nilianzisha picha, nakala yangu, peke yangu. Nikasikia kiti kinashuka… shhh… kama kilivyokuwa kikishuka akikalia."

"Na ulikuwa unakuja kwangu. Unakula chakula changu. Unaniambia subira!"

"Ningekwambia, ungeleta watu wa sala. Wangemfukuza."

"Ni mume wangu!"

"Kwako ni mume," kinyozi alisema polepole. "Hapa ni rafiki yangu."

Mjane alizunguka kiti, akapiga magoti mbele ya shuka ile. Hakuwa na hofu. Mtu aliyeomba kwa machozi hamwogopi yule aliyeomba amwone.

"Mume wangu," aliita. "Ni mimi."

Shuka ikapanda. Ikashuka.

Kisha sauti ikatoka pale pasipo na uso. Ilikuwa sauti yake, ila imekauka, kama bomba lisilopitisha maji.

"Nani huyu?"

Haikumwuliza yeye. Ilimwuliza kinyozi.

"Mkeo," kinyozi alisema.

Kwenye runinga mbwa walikuwa wakibweka, na mienge inawaka.

"Mwambie asogee. Anaziba."

Mjane aliinuka. Alisogea kweli, kama alivyozoea kumtii. Ndipo jambo moja likamjia, akalihisi kama kisu. Njia ya kutoka makaburini ilipita mlangoni kwake. Hakuna nyingine. Kila Alhamisi mumewe alipita pale. Alipata nguvu ya kutoka kaburini, akapita kwenye mlango wa mkewe aliyekuwa ndani amepiga magoti akiomba, akaenda kutazama picha.

Runingani mwanakijiji mmoja aliinama. Akainua jiwe.

Kinyozi alinyoosha rimoti. Mjane akampokonya.

"Wafu hupumzika," alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa."

"Shemeji, tafadhali! Usiiache—"

"Iende mpaka mwisho."

Jiwe la kwanza likaanguka. Jitu likapiga yowe. Shuka ikaanza kupanda na kushuka upesi upesi, na pumzi ikasikika, nzito, hhhoo… hhhoo… Jiwe la pili. La tatu. Pumzi ile haikuwa tena kitini. Ilikuwa nyuma ya shingo ya mjane. Baridi.

"Dirisha…"

Mjane alifumba macho. Dirisha. Mumewe alimwona mara ya kwanza akiwa dirishani anakung'uta shuka, akampa jina hilo usiku wa ndoa. Hakuna mwingine aliyelijua. Wala watoto.

"Dirisha… zima. Nakuomba."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Alilia, mabega yakatikisika. Hakubonyeza. Runingani mwanamke mmoja wa kijiji alikuja mbele, akatupa jiwe kubwa kuliko yote, na mkono mweupe wa jitu ukafunikwa.

Runinga ikawa nyeusi.

Kiti kikapanda chenyewe, shhh, kama mteja ameondoka. Shuka ikalala bapa.

"Amepumzika," mjane alisema. "Mungu ampokee."

Alitarajia kinyozi alie, au amtukane. Kinyozi alikuwa ameganda, anamtazama kwa macho ya mtu aliyeona nyumba ya jirani inashika moto.

"Shemeji, ulidhani tulikuwa tunazima ili lisife?"

"Sasa mlizima kwa nini?"

"Jitu halifi. Sisi wapenzi wa picha hizi tunajua. Lina picha ya pili. Tuliitazama mara moja, tukiwa vijana. Linafukuka, uso ni ule ule… lakini si lile. La kwanza lilitaka rafiki tu. Lile la pili… Tuliapa hatutalifikisha huko tena. Hapa mumeo alikuwa ametulia. Alitaka picha yake, basi. Alikuwa hata hakukumbuki. Sasa amekukumbuka."

Mjane alihisi nywele zikimsimama. "Picha ya pili inaanzia wapi?"

Kinyozi alikuwa ameshamshika kiwiko, anamsukuma taratibu kuelekea nje.

"Inaanzia wapi, shemeji?"

"Nyumbani kwa mwanamke aliyetupa jiwe la mwisho."

"Basi twende wote! Usiniache peke yangu. Kwa ajili ya chakula ulichokula kwangu, twende wote!"

"Nisamehe," kinyozi alisema. Bati likashuka. Komeo likaingia. Mjane alipiga, akapiga tena, mpaka viganja vikauma.

Alirudi kwake akisali kwa sauti, bila kugeuka nyuma. Giza lilikuwa limeshaingia. Mlango ulikuwa umefungwa vile vile alivyouacha, na dirisha halikuwa na mwanga. Aliweka sikio kwenye mbao.

Harufu ya gundi ya mabomba.

"Dirisha," sauti ilisema kwa upole, karibu sana, kutoka upande wa pili wa mlango. "Mbona umechelewa?"

Mungu anisamehe kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: kabla ya hofu, moyo wa mjane uliruka kwa furaha.

Kisha kitasa kikaanza kuzunguka, kwa ndani.