Mkia wa Mbwa wa Ofisi

Nyumbani kwa Mzee Benno, juu kidogo ya Kingerikiti, asubuhi zilikuwa na raha yake. Ilikuwa miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vipya na nyasi za mapaa bado zinanukia. Mama Rosa, mkewe, alipepeta maharage uani. Binti yao Flavia, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, aliketi kizingitini akichambua mboga. Na Jasho alilala ubavu juani, mguu mmoja ukimtikisika, kama anayefukuza kitu ndotoni.

Jasho alikuwa mbwa, ndugu zangu, lakini si wa kubweka tu. Shamba la kijiji lilikuwa kwenye mteremko wa chini, limechimbwa ngolo vizuri, yale mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo, shimo kwa shimo, na chini yake kulikuwa na msitu wa nguruwe pori. Mbwa wengine walibweka wakiwa wamesimama nyuma ya watu. Jasho alitangulia. Alimzungusha nguruwe mpaka wenye mikuki wafike. Kila kaya iliyokula ugali wa shamba lile ilikuwa na deni la shukrani kwake, na kila mwenye mbwa jike alitaka mbegu yake.

Hapo ndipo watu walipomjua Mzee Benno alivyo mgumu. Ukimletea jike, hakukubali mpaka amchunguze. Flavia ndiye aliyeshika kichwa cha jike baba yake alipokuwa akitazama, na kwa kuwa alikuwa msichana wa kutaka kujua, alihesabu kimya kimya kila mahali baba alipoweka mkono.

Siku moja alikuja mjane mmoja kutoka Lundo, ziwani, Mama Ottilia. Alikuwa na fungu la usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kichwani, na mbwa jike wa rangi ya majivu amefungwa kamba ya katani. Jina la mbwa huyo Pole.

"Shikamoo, Mama," Flavia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo? Nimeleta mchumba."

Mzee Benno alitoka. Hakumtazama mbwa kwanza, alimtazama mwenye mbwa. "Ameshapata joto mara ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi mrudishe."

"Baba Flavia, nimepanda mlima huu kwa miguu tangu jana."

"Na yeye kapanda kwa miguu, na bado ni mtoto. Wewe ulizaa una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Hukuzaa ukiwa na kumi na miwili. Mwache naye akomae."

Mama Ottilia alicheka kwa hasira, akaacha usipa, akashuka na mbwa wake. Watu walimsema Mzee Benno: mjane katoka ziwani, kafukuzwa kwa ajili ya mbwa! Lakini baada ya miezi saba mama yule alirudi, Pole amenenepa, na safari hii mzee alichuchumaa.

Alifungua mdomo, akabonyeza ufizi kuona kama damu inarudi. Alipapasa masikio na kwapa akitafuta kupe, akapitisha vidole kinyume cha manyoya akitafuta upele. Alimpa mfupa, kisha akamnyang'anya, aone kama atauma. Alimuuliza mama kuhusu mama yake Pole na baba yake, kama ni wakali kwa watoto, kama wana undugu na Jasho hata wa mbali. Akauliza, "Ameshapandwa na nani mwingine?" Akauliza tena, "Wakizaliwa tisa utawalisha nini?"

"Vichwa vya samaki. Kwetu vinatupwa."

"Haya." Mwisho akainua mkia, akatazama kwa muda mrefu, akapangusa kwa jani la mgomba, akalinusa jani.

Jioni Flavia aliuliza, "Baba, mkia una nini?"

"Damu ya joto ina siku zake, mwanangu. Inakuja, inapauka, inaisha. Kuna damu nyingine haina siku. Hiyo ukiiona, tafuta ndani kinyama kama uyoga mwekundu. Ni ugonjwa, na unahamia kwa dume hapo hapo. Dume akishaupata, anaugawa kama padri anavyogawa komunyo."

"Benno!" Mama Rosa alisema, akafanya ishara ya msalaba.

Pole alilala kwa Mzee Benno siku tatu, maana mzee hakupeleka dume kwa jike. Alisema dume akiwa ugenini anatazama mlangoni badala ya kutazama kazi. Malipo yalikuwa yale ya siku zote: watoto wakifungua macho, mwenye dume anashuka kuchagua mmoja. Mama Ottilia akaenda zake ameridhika.

Sasa sikilizeni amani ile ilivyoharibika.

Mwezi haujaisha, Landrova ilisimama njiani. Alishuka Bwana Nathanieli, afisa aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, shati jeupe, viatu vinang'aa. Nyuma yake, mbwa jike mweupe mwenye mkanda wa ngozi shingoni. Aliitwa Lusi. Majirani walitoka wote kutazama, maana hawakuwahi kuona mbwa akishuka garini kama bibi harusi.

"Mzee Benno," afisa alisema, akampa mkono mbele ya watu. "Nimesikia sifa za dume lako huko huko ofisini."

Ndugu zangu, mkono ule! Mzee Benno aliupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Alimwambia Flavia alete kiti, siyo kigoda, kiti. Alimwita Mama Rosa achemshe chai. Flavia akapiga magoti, akashika kichwa cha Lusi kama kawaida, akamsubiri baba yake achuchumae.

Hakuchuchumaa.

Flavia alitazama chini. Kwenye vumbi, nyuma ya mbwa yule mweupe, palikuwa na tone jekundu. Halafu la pili. Manyoya ya chini ya mkia yalikuwa yameshikana, na harufu ilikuwa nzito, si ya joto.

"Baba," alisema taratibu, "bado mkia."

"Nyamaza wewe. Huyu ni mbwa wa ofisi."

"Kuna tatizo, Mzee?" afisa aliuliza.

"Hakuna, Bwana Mkubwa. Mtoto huyu anapenda maswali tu. Kwako wewe hakuna masharti, hata mtoto wa mbwa sitaki. Kufika kwako kwatosha."

Mfungueni Jasho, akasema. Jasho akafunguliwa.

Jirani yao Romanus aliyesimama kwenye ua alinong'ona, "Kumbe mbwa akipanda gari anapona magonjwa yote." Wachache wakacheka. Lakini hakuna aliyesema kwa sauti, na hilo nalo tuliweke moyoni.

Katika wiki zilizofuata majike matatu ya kijiji yalipandwa na Jasho, na yote matatu mzee aliyachunguza kwa ukali wake wa zamani, mkia kwa mkia. Dume lake mwenyewe hakulichunguza.

Mahindi yalipofika kiunoni, Flavia aliona Jasho anajilamba bila kuacha. Kisha akaona tone kwenye vumbi, pale pale alipokuwa amelala juani. Alimwita baba yake. Safari hii mzee alichuchumaa, akatazama, akakaa chini kabisa, mikono magotini.

Walimpeleka Mbinga kwa bwana mifugo. Naye alitazama, akatikisa kichwa. "Dawa yake hapa sina. Asipande jike lingine. Akianza kushindwa kukojoa, msimwache ateseke. Na hao aliowapanda je?"

"Watatu," Mzee Benno alijibu kwa sauti ndogo.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nathanieli, Flavia nyuma yake. Alijiandaa kulaumu. Afisa akasikiliza, uso ukamshuka.

"Mzee wangu, mbwa yule nilimwokota Songea, stendi, anazurura. Alikuwa anatokwa na damu tangu siku ile. Nilidhani ni maumbile yake. Mbona hukuniuliza? Ungeuliza, ningekwambia."

Ungeuliza, ningekwambia. Mzee aliyarudia maneno hayo njia nzima ya kurudi.

Jasho alikonda, akafungwa mbali na wenzake. Majike mawili kati ya yale matatu nayo yakaanza kudondosha damu, wenyewe wakayafungia, na wenye mikuki wakashuka shambani bila mbwa wa kutangulia. Nguruwe waliingia mteremko wa chini mara ya kwanza, hakuna aliyewazungusha. Wakaingia tena. Mahindi yalipokomaa, nusu ya shamba la kijiji ilikuwa mabua yaliyolala. Jasho alikufa juma lile lile kwa mkono wa Mzee Benno mwenyewe, na mwaka ule kijiji kilikula maboga mpaka watoto wakayachukia.

Ndipo Flavia alipokumbuka. "Baba, kuna mtoto wa Jasho Lundo. Wa kabla ya Lusi. Hukwenda kuchagua."

"Naona haya."

"Haya haifukuzi nguruwe, Baba."

Wakashuka. Mama Ottilia aliwakuta wamesimama uani, kofia ya mzee iko mkononi. Chini ya kichanja cha usipa alilala dume mchanga wa miezi mitano, kifua kipana, rangi ya majivu.

"Miezi mitano nalisha mali ya watu," mama alisema. "Lakini usimshike kwanza. Kwetu pia kuna maswali. Utamlisha nini?"

"Ugali, kama upo. Maboga, usipokuwepo."

"Nyumbani kwako kuna ugonjwa?"

"Ulikuwepo. Tumechoma malalo ya Jasho."

"Jasho alikufa kwa nini?"

Majirani walikuwa wamesogea. Flavia alimwona baba yake akitazama kando ya nyasi, kama mtu anayetaka kusema ni nyoka aliyemuuma. Halafu mzee alisema, "Alikufa kwa sababu sikuinua mkia wa mbwa wa mkubwa. Binti yangu aliona, nikamnyamazisha."

Mama Ottilia alimwinamia yule mbwa. "Lori la mahindi lilileta habari hizo zamani. Ungesema nyoka, ningekupa usipa ukarudi nao mlimani." Akaifungua kamba, akaiweka mkononi mwa Flavia, siyo kwa mzee. "Kuanzia leo mchunguzaji ni huyu."

Msimu uliofuata nguruwe waliukuta mteremko una mwenyewe. Na siku Landrova ilipokuja tena, na mgeni mwingine, na jike mwingine mwenye mkanda, Mzee Benno alileta kiti, akampisha binti yake. Flavia alichuchumaa.

"Unafanya nini, binti?" mgeni aliuliza.

"Samahani, Bwana. Hata mbwa wa ofisi ana mkia."

Akauinua.

FUNZO

Ndugu zangu wa milimani na wa ziwani, Mzee Benno hakukosa ujuzi. Alijua yote, ila siku moja aliuweka ujuzi wake kando ili amfurahishe mkubwa. Sharti linalomwangukia mjane peke yake si sharti, ni uonevu. Heshima haikatazi kuuliza, na mgeni mwema hachukii kuulizwa. Mtoto akikuambia ameona kitu, chuchumaa nawe utazame kabla hujamwambia anyamaze, maana hasara ya kunyamaza hailiwi na mtu mmoja. Kijiji kizima kilikula maboga.