Écouteurs za Watu Wawili

Jumamosi ile nilikuwa na njaa, nasema ukweli, na njaa ndiyo iliyonifanya nimharakishe dada yangu Christine. Tulikuwa Kadutu, katika duka dogo la Papa Ignace, muuzaji wa redio, simu na mashine za kutazamia filamu, mpya chache na za mkono wa pili tele. Christine ni logisticienne, mnunuzi na mtunzaji wa vifaa, wa shirika moja hapa Bukavu. Mtu wa kazi hiyo hanunui kitu, anakifanyia mtihani. Angeweza kuomba garantie ya sambusa.

Lakini alikuwa na sababu. Kila baada ya wiki mbili tunampeleka binti yake, Aurore, Luvungi kwa nyanya yake, mama wa baba yake, mimi nikiendesha jeep, na njia yetu hupita mteremko wa Ngomo. Anayeijua Ngomo anaijua: upande mmoja mlima, upande wa pili hakuna kitu. Aurore ana miaka saba. Tangu siku alipoona lori limelala chini korongoni, alikuwa akilia kuanzia kona ya kwanza hadi ya mwisho. Christine alitaka kifaa cha kumfanya mtoto aangalie filamu, asiangalie dirishani.

Papa Ignace aliweka vitatu mezani. Simu kubwa, yenye mpasuko katikati ya kioo. Tablette, ambayo betri yake ilikuwa imevimba mgongoni. Na kimashine cha DVD cha kufungua na kufunga kama kitabu, safi, hakina hata mkwaruzo.

"Hii inashika masaa ngapi?" Christine akauliza.

"Masaa ine, maman. Na inachajiwa mu gari."

"Mu jua, kioo inaonekana?"

"Peleka inje, uone."

Akakipeleka nje. Akakiinamisha, akakitikisa, akakinusa. Kisha akarudi na kosa alilolipata kwenye vya kusikilizia masikioni.

"Matundu ya écouteurs iko mbili, lakini écouteurs iko moja tu."

"Njo vile niliipata. Mutoto wako si ni mumoja?"

Christine alitaka kurudi Jumatatu, aone kama kutafika tablette nzima. Tumbo langu lilikuwa linanguruma. "Dada, chukua hii tuende," nikasema. "Mutoto anataka filamu, haiko mwaka yenye mashine ilitengenezwa." Alinitazama, akakichukua. Kwa hiyo aliyechagua ni mimi. Naomba mlikumbuke hilo.

Nyumbani kwetu Bagira, mama yetu, Mama Georgette, hakujali betri wala kioo. Aliuliza swali moja tu, lile ambalo Christine mwenye maswali yote hakuliuliza.

"Ilikuwa ya nani?"

Kwetu, vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo familia inakaa, inasali, inakula, ndipo nguo na vyombo vinagawanywa. Kabla ya hapo, hata kijiko hakiuzwi. Ndiyo maana mama akiona kitu cha mkono wa pili, anataka kujua mkono wa kwanza uko wapi.

"Cirhuza, rudia kwa ule papa, uulize," akaniambia.

Jumatatu nilifika hadi karibu na duka. Mvua ikanyesha. Nikaingia mahali, nikanywa bia moja ya Primus, halafu nyingine. Jioni nikamwambia mama, bila aibu:

"Niliuliza, mama. Ilikuwa ya étudiant moja wa chuo. Alienda Kinshasa."

"Iko muzima?"

"Muzima kabisa."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ilikuwa ya siku tano.

Jioni zile Aurore alikaa kwenye kiti kirefu cha salon na kimashine chake mapajani, écouteurs nyeusi masikioni. Kando yake, juu ya kitambaa cha kiti, zililala écouteurs nyingine, za rangi ya waridi, zimechomekwa katika tundu la pili. Niliziona, nikafikiri Christine amepata za kwake za zamani. Christine aliziona, akafikiri nimezinunua mimi ili kuomba msamaha kwa haraka yangu ya dukani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mtoto alikuwa akicheka, ananyamaza kidogo, anacheka tena. Mara nyingine alisimamisha filamu kwa kidole.

"Mbona umesimamisha?" nikamuuliza.

"Colombe hajaona vizuri."

"Colombe ni nani?"

"Rafiki yangu, tonton."

Mimi mjomba wake nikadhani ni wa shuleni. Nilipotaka kukaa karibu naye, alinisukuma taratibu, nihamie mwisho wa kiti.

Jumamosi saa nne asubuhi tulianza kuteremka Ngomo. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Christine alinigeukia akatabasamu, uso wa mtu aliyeshinda, na ninakiri nilifurahi, maana nilikuwa nimechoka na kilio kile. Katika kioo cha ndani nilimwona Aurore nyuma. Alikuwa amegeuza kimashine upande, kuelekea nafasi tupu, naye alikuwa akinyoosha shingo ili aone.

Ukungu ulitukuta katikati. Mbele yetu lori lilikuwa limekwama matopeni, na watu wakatuita tusaidie kuweka mawe. Nilizima gari. Christine alikuwa amesinzia. Milango ya nyuma ina kufuli ya watoto, haifunguki kutoka ndani. Niliiweka mimi mwenyewe. Nikashuka.

Nilibeba jiwe la kwanza. Nilibeba la pili. Nilipogeuka kuchukua la tatu, niliangalia gari.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ule wa upande wa korongo.

Nilikimbia. Matope yalinishika viatu, nikaviacha. Sikuita, niliogopa nikiita atashtuka. Mguu mmoja wa Aurore ulikuwa nje tayari. Ulikuwa hewani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, vidole vimefungwa, jinsi mtoto anavyoshikwa mkono kuvuka barabara.

Nilifungua mlango wa upande wa mlima, nikajitupa ndani, nikamkamata kwa gauni. Alikuwa mzito. Mtoto wa miaka saba hana uzito ule. Nilivuta, na kitu kilivuta. Nilivuta tena, nikalia jina la Bikira Maria, na ghafla tukaanguka wote wawili ndani ya gari.

"Tonton, niache," akanong'ona.

"Unaenda wapi?"

"Colombe anasema ni hapa. Anasema tushuke."

Christine aliamka kwa kilio changu. Alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika. Mimi nilifunga mlango, na kabla ya kuufunga nilitazama chini. Gari lilikuwa limeegeshwa ukingoni kabisa. Nje ya mlango ule hapakuwa na mahali pa kuweka hata kisigino. Na mlango wenye kufuli ile unafunguliwa kutoka nje tu.

Hatukufika Luvungi. Siku hiyohiyo nilisimama mbele ya Papa Ignace, bila viatu, na niliuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza Jumatatu. Alitazama kulia na kushoto kabla ya kujibu.

"Ni baba moja wa Kasha aliniletea. Alikuwa analia. Sikumuuliza."

Mtaa wa Kasha si mbali na kwetu. Christine alikataa kubaki nyumbani; tulimwacha Aurore kwa mama, tukaenda pamoja. Nyumba haikuwa ngumu kuipata: bado kulikuwa na turubai la matanga uani. Mwanamke mwembamba, Maman Mélanie, alitupokea. Alipoona kimashine mikononi mwa Christine, alikaa chini.

"Bwana wangu aliiuza kwa siri," akasema. "Hakuweza kuiona. Nilimwambia, ngoja tuondoe matanga kwanza. Hakungoja."

Alitusimulia polepole. Colombe alikuwa na miaka minane. Mwezi uliopita, Ngomo, ukungu, foleni. Baba alishuka kuangalia njia. Mtoto alikuwa nyuma, anatazama filamu. Kimashine kilibaki kwenye kiti, kikiendelea kuonyesha.

"Mulango yetu pia ilikuwa na kufuli," akasema. "Mpaka leo hatujue nani aliifungua."

Christine alinitazama. Nikasema palepale, mbele yao wote wawili, kwamba nilitumwa kuuliza nikaenda kunywa bia, na kwamba nilimdanganya mama. Maman Mélanie akanisogezea kiti. Ingekuwa afadhali wanitukane.

Maman Mélanie alipokea kimashine, akapokea écouteurs nyeusi. Ndipo Christine akatoa mkobani zile za waridi. Mama yule hakuzipokea. Alizitazama tu, akagusa kwa ncha ya kidole mahali ambapo waya ulikuwa umefungwa plasta ya kidonda.

"Alikuwa anatafuna waya. Ni miye nilifunga hii plasta." Sauti yake ilishuka. "Mulizipata wapi? Mulizitosha wapi?"

Christine akasema, "Ni Cirhuza alizinunua."

Mimi nikasema, "Hapana. Ni weye."



"Zilikuwa mu masikio yake wakati walimutosha kule chini," Maman Mélanie akasema. "Tulimuzika nazo."

Aliviringisha waya taratibu, plasta ikiwa juu, akaniwekea zote kiganjani na kunifumba vidole, maana nyumba yake, alisema, haiwezi kuzipokea mara ya pili. Udongo mwekundu ulitoka kwenye sponji za masikioni ukanichafua mkono. Sponji moja ilikuwa baridi. Ya pili ilikuwa na joto, joto la sikio la mtu.