Picha Iliyozidi

Rafiki yangu mmoja, fundi wa katuni za kompyuta na si mtu wa chumvi, alipewa kazi na daktari: moyo unaodunda, wa kufundishia wanafunzi. Akachora picha mia mbili arobaini kamili. Lakini kila akitoka kunywa chai, akirudi na kuzihesabu, anakuta moja imezidi.

“Dada, unanichezea?” akamuuliza mwenzake wa chumba hicho cha kazi, anayetengeneza sauti za katuni.

“Mimi? Kaka, hilo limoyo lako hata kulitazama sitaki.”

Hakumwamini ng'o. Siku ya tatu akamtoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akaifuta ile picha ya ziada. Mara umeme ukakatika. Chumba chao kina mapazia meusi, hivyo mchana ule kikawa giza totoro. Kompyuta ikazimika, feni ikanyamaza. Ndipo akasikia kipanya kikibofywa mezani, ka, ka, taratibu, kama mtu anayechora bila haraka.

“Dada?”

“Niko huku nje, kaka. Nifungulie basi!”

Umeme uliporudi, picha ilikuwa imerudi pia. Moyo ni uleule, ila umebonyea, kama ulioshikwa kiganjani ukaminywa. Akahesabu alama za vidole vya mkono huo mmoja. Akarudia.

Zilikuwa sita.